Nyuzi Joto Tano za Jumapili

Risala ya watumishi wa Zahanati ya Nyakahinga kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunguliwa kwa jengo la wazazi, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na wa kijiji, baba paroko, wazazi na majirani wa Nyakahinga, nawe mama Bernadetha uliyekubali kuketi mstari wa mbele ingawa ulituomba tukuweke wa nyuma: wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Alhamisi ya tarehe 13 Machi mwaka huu, saa moja na nusu asubuhi, mlango wa zahanati hii ulikuwa bado umefungwa. Kwa miaka kumi na moja haukuwahi kukutwa umefungwa saa hiyo. Mwenye ufunguo, mhudumu wetu wa afya Juvenali Niyonzima, alikuwa akifika saa moja kamili kwa baiskeli, anafungua madirisha, anapiga deki, anabandika maji, na sisi wengine tukifika tunakuta benchi zimeshapangwa. Siku ile akina mama walikaa ukingoni mwa baraza na watoto wao. Mmoja akasema labda baiskeli imepata pancha. Mkunga wetu, mama Ildefonsa, akamjibu, "Huyo hata ikipata pancha anaibeba begani na bado anakutangulia wewe."

Wakacheka. Saa mbili na robo akatokea Derick, kijana wetu wa bodaboda anayetupeleka vitongojini. Alizima pikipiki mbali, kule kwenye kalavati, akaja akiisukuma kwa mikono. Derick haisukumi pikipiki yake hata ikiishiwa mafuta, kwa hiyo tulijua kabla hajafungua mdomo. Juvenali alikuwa uani kwake akinawa uso aje kazini. Akaketi chini kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

KARIBU NYAKAHINGA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumefurahi kukuona. Barabara ya kutoka makao makuu ya wilaya hadi huku tunaijua, na vumbi lililoko kwenye viatu vyako tunalipokea kama salamu. Jengo utakalolifungua lina vyumba vinne, vitanda sita, na bado linanuka rangi. Wananchi walichimba msingi, serikali ikamalizia. Mama anayejifungua hatalala tena kwenye chumba kimoja na mgonjwa wa kuhara. Kwa hilo tunasema asante, na tunaisema kwa moyo mweupe.

Risala hii inasomwa na muuguzi wetu, Frida Niragira. Jina lake litatajwa humu mara nyingi. Ametaka litajwe kama la mtu mwingine yeyote, asipate mahali pa kujificha ndani ya neno sisi.

TULIKOTOKA

Zahanati ilianza mwaka 2009 ndani ya chumba cha ofisi ya kijiji. Mizani ya watoto ilining'inizwa kwenye boriti, na mwenyekiti akiwa na kikao, tulikuwa tunapimia nje. Wanaotibiwa hapa ni Wasubi na Wahangaza wa siku zote, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, na familia ambazo wazazi wao walivuka mpaka kutoka Burundi na Rwanda wakiwa na godoro kichwani, wakabaki, wakalima, na leo wajukuu wao wanazaliwa hapa. Watumishi tuko wachache. Mwaka 2023 tulikuwa wanne: mganga mfawidhi Matiasi Ndayisaba, mama Ildefonsa, Frida, na Juvenali. Nyumba ya mtumishi ni moja na anakaa mganga. Waliobaki wanatoka mbali, na Juvenali ndiye aliyetoka mbali kuliko wote, ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli na zaidi kidogo mvua ikinyesha.

Katika semina za kazi tumefundishwa sifa za mtumishi anayefaa kufanya kazi na wenzake. Tuliziandika kwenye madaftari. Lakini tukitaka kuzieleza hatufungui madaftari yale, tunamkumbuka yeye.

Hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa mzito wa kusema, na ukimharakisha ndiyo anazidi kupunguza mwendo. Kalamu yake aliifunga kwa uzi shingoni na hakumwazima mtu, hata mganga. Akiimba wakati wa kuosha vifaa tulikuwa tunamwomba anyamaze kwa ajili ya wagonjwa. Derick alikuwa anamwambia, "Mzee Juve, ukipanda nyuma yangu pikipiki inadhani nimepakia gunia la mihogo mibichi," naye anamjibu, "Gunia halikulipi nauli, shukuru Mungu."

Ila akimaliza zamu hakuondoka mpaka amekukabidhi kwa mdomo. Alikuwa anakushika mkono na kukutembeza benchi kwa benchi. "Huyu kameza dawa saa nne. Yule bibi anasema amekula, lakini hajala, anaona haya. Mtoto wa pale mlangoni usimchome mkono wa kushoto, una kidonda." Ukikosea, hakukusema mbele ya mgonjwa. Alikuwa anachukua ndoo ya taka, anakwambia, "Dada, nisindikize," mnakwenda nyuma kwenye kichomea taka, na huko ndiko unaambiwa, taratibu, neno moja moja, mpaka moshi unakwisha. Kila mmoja wetu amewahi kusindikiza ndoo ile. Mganga wetu pia. Na kilichosemwa kule hakikurudi na yeyote hadi barazani.

Asilolijua aliuliza. Alikuwa ndiye mkubwa kwa umri baada ya mama Ildefonsa, lakini aliwauliza wadogo zake bila kuona kwamba amepungukiwa. Frida alipofika mwezi Mei mwaka 2023, ametoka chuoni moja kwa moja, siku ya pili tu Juvenali alimjia na karatasi ya dozi: "Dada, nyinyi mmefundishwa juzi. Hapa mimi nimeelewa sawa?" Frida ametuambia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amefunga begi arudi kwao. Baada ya swali lile akalifungua.

JOKOFU NA DESTURI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chanjo za watoto zinakaa kwenye jokofu la gesi. Joto lake halitakiwi kushuka chini ya nyuzi mbili wala kupita nane. Kipimajoto kinasomwa asubuhi na jioni, kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Anayesoma anajaza kwenye chati iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu, kila kisanduku na namba yake, na chini yake herufi mbili za jina lake.

Kwa sababu ya umbali wa nyumba zetu tulikuwa na desturi. Ukikuta kisanduku cha mwenzako ni kitupu, unamjazia, kwa herufi zake, asije akaulizwa. Tuliita kufunika. Ilianza kwa nia njema, masika moja mto ulipojaa na mama Ildefonsa akashindwa kuvuka siku mbili. Mganga alisoma jokofu kwa macho yake akaandika herufi za mama. Hakukuwa na hasara. Lakini miaka ilivyokwenda tukawa tunajaza Jumatatu visanduku vya Jumapili bila kufungua jokofu la Jumapili, maana Jumapili imeshapita na hakuna anayeweza kuifungua tena. Tuliandika tano. Nyuzi tano ni katikati, hazina maswali.

Tulidhani huo ndio upendo kazini. Mgeni akituuliza mnashirikianaje, tulikuwa tunajibu kwa fahari: hapa kwetu tunafunikana.

Juvenali peke yake hakufunika wala hakufunikwa. Kisanduku asichokisoma alikiacha kitupu, na akikuta umemjazia alikata kwa mstari mmoja. Tulimwona mgumu. Mama Ildefonsa aliwahi kumwambia, "We Juvenali, siku ukiugua tutakuacha na visanduku vyako wazi kama meno ya bibi." Akamjibu, "Viacheni. Nikipona nitasema nilikuwa naumwa."

JUMAPILI YA TAREHE 19 NOVEMBA 2023

Mwisho wa wiki ule ulikuwa zamu ya Juvenali. Jumamosi mchana wanaume sita walimleta Niyokwizera, mama wa kitongoji cha juu, wakiwa wamembeba kwa ingobyi, ile machela ya kufuma ambayo ndiyo gari letu la wagonjwa kule pikipiki isikopita. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na damu ilikuwa inatoka. Mumewe alikuwa kwenye vibarua mbali na hakuna ndugu wa kike aliyekuwa karibu. Gari la hospitali lilipofika, muuguzi aliyekuja nalo aliuliza nani anaongozana na mgonjwa. Wale wanaume wakatazamana. Juvenali akafungua koti la kazi, akalitundika.

Kabla hajapanda gari alimwita Frida. "Dada, nisomee jokofu leo jioni na kesho. Uandike herufi zako, siyo zangu."

Frida akamwambia, "Nenda tu, kaka. Jokofu haliendi mahali."

Jumamosi jioni alisoma. Ilikuwa nyuzi sita, akaandika na herufi zake. Jumapili kwaya ya parokia ilikuwa na ziara Runazi, na Frida ni sauti ya kwanza. Alifikiri atapita zahanati asubuhi kabla ya lori kuondoka, lori likaondoka mapema. Alifikiri atapita jioni, mvua ikawakamata njiani wakarudi gizani. Hakuwa mtu mvivu, Mheshimiwa. Alikuwa na miaka ishirini na nne na alikuwa ameimba vizuri.

Jumatatu alifika wa kwanza, kwa ufunguo wa akiba. Akaona visanduku viwili vya Jumapili ni vitupu. Akafanya tulichomfundisha sisi. Kalamu ikaandika tano, na tano, na chini yake J.N., kwa sababu zamu ilikuwa ya Juvenali na ndivyo tulivyofunikana. Halafu ndipo akafungua jokofu aweke namba ya Jumatatu.

Ndani kulikuwa na vuguvugu. Moto wa gesi ulikuwa umezimika, hatujui lini. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na moja, na alama za kuonya joto kwenye vichupa vya chanjo zilikuwa zimeshageuka rangi.

Chanjo zote ziliteketezwa. Ijumaa iliyofuata akina mama sitini na wawili walirudi makwao na watoto mgongoni bila kuchanjwa, baadhi wametembea tangu alfajiri. Ilichukua wiki tano kupata nyingine. Hakuna mtoto aliyepata surua katika wiki hizo. Tunamshukuru Mungu, maana sisi hatukuwa na mchango katika hilo.

Wakaguzi walikuja Jumatano. Walihukumu kwa karatasi tuliyowapa sisi, hatuna lawama nao. Mmoja wao alishika chati, akamwonyesha Juvenali, aliyekuwa amerudi Jumatatu saa mbili baada ya kumwona Niyokwizera akipakata mtoto wa kiume.

"Herufi hizi ni za nani?"

"Ni za jina langu."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hospitalini, na mgonjwa."

"Sasa jokofu la huku ulilisomaje?"

Juvenali akaitazama karatasi kwa muda wake, kama kawaida yake. Alikuwa amemwomba mtu mmoja tu amsomee, na mtu huyo alikuwa mlangoni na beseni la vifaa. Akasema, "Zamu ilikuwa yangu."

"Sijakuuliza zamu. Nimekuuliza nani kaandika."

"Zamu ilikuwa yangu, mheshimiwa. Hizo chanjo zilikuwa mkononi mwangu."

Frida aliondoka pale mlangoni na beseni lake kana kwamba kuna mtu amemwita.

Barua ya onyo ilikuja baada ya mwezi mmoja: uzembe, na udanganyifu wa kumbukumbu. Jina la Juvenali lilikuwa limependekezwa kwenda kusomea uuguzi mwaka uliokuwa unafuata, jambo alilolisubiri tangu alipoajiriwa. Likaondolewa. Kuhusu sisi wenzake, tuseme ukweli mbele yako. Tuliamini kwamba aliporudi Jumatatu ndipo aliandika, na tulifarijika kidogo. Tukaona kumbe hata yeye. Miaka yote tulikuwa tunajiona wachafu pembeni ya visanduku vyake vitupu, na siku ile tukapumua.

Jioni ya siku ya barua, Frida ndiye aliyechukua ndoo ya taka. Alimkuta Juvenali kwenye kichomea taka. Akamwambia, "Kaka, kesho nakwenda kusema."

Juvenali akachochea moto. "Umeajiriwa mwezi gani?"

"Wa tano."

"Basi hawajakuthibitisha. Ukisema sasa wanakurudisha kwenu, na nyumbani kwenu anayepokea mshahara ni wewe tu. Subiri uthibitishwe. Ukishathibitishwa, uende useme."

"Na wewe?"

"Mimi nina miaka tisa hapa. Barua haitaning'oa."

Frida alilia. Juvenali akamwambia apeleke ndoo ndani kabla mvua haijaanza.

Alithibitishwa kazini Juni 2024. Siku hiyo alinunua soda nne, akatugawia, na Juvenali akampongeza kwa kumshika mkono kwa mikono miwili. Frida akasema moyoni, nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao kulikuwa na kampeni ya matone ya vitamini. Kisha mama yake, Selestina, akalazwa. Kisha zikaja mvua za vuli. Juvenali hakumkumbusha hata mara moja. Alikuwa anamkabidhi zamu vilevile, benchi kwa benchi. Ilipita miezi tisa, na Machi ikafika.

MAFANIKIO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala hutaja mafanikio, nasi tunayo. Akina mama wanaojifungulia hapa wameongezeka. Choo kipya kimekamilika. Kisima cha mvua kinafika Agosti bila kukauka.

Na tangu tulipomzika Juvenali mwezi Machi tumeacha kufunika, na chati yetu ya jokofu ina visanduku vitupu. Aprili viwili, Mei kimoja, Julai kimoja. Tulipoulizwa tulijibu kwamba siku hizo hatukusoma, na tukaeleza kwa nini. Tulikaripiwa kidogo, ikaisha. Tunavitaja hapa kama mafanikio kwa sababu kabla ya hapo hatukuwa navyo, na karatasi yetu ilikuwa nzuri kuliko jokofu letu.

CHANGAMOTO

Zipo. Mganga ameziorodhesha kwenye kitabu tutakachokukabidhi: nyumba za watumishi, uzio, na jokofu lenyewe limechoka. Hatutazisoma hapa.

Changamoto tuliyotaka uisikie kwa sauti ni kwamba tulikuwa hatujui tofauti ya kumsaidia mwenzako na kumfunika. Juvenali aliijua. Angeweza kumwacha Frida aanguke, na asingekuwa amesema uongo. Akachagua kubeba, bila kusema kwamba aliandika yeye, maana hilo lingekuwa uongo. Ukisoma majibu yake kwa wakaguzi, yote ni kweli. Lakini mzigo ule ulikuwa mzito kuliko alivyotuonyesha, na hatukuupima mpaka tulipokwenda nyumbani kwake.

Kisimani walikuwa wanamcheka mke wake. "Bernadetha, leo mumeo kasoma joto la maji akiwa wapi?" Alipofika nyumbani alimwuliza mumewe. Akamjibu jibu lile lile alilowapa wakaguzi, "Mama Iradukunda, zamu ilikuwa yangu," akaenda kufungia mbuzi. Siri ya Frida hakumpa hata mkewe.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa mama Bernadetha sote watatu, kabla hatujasema popote pengine. Frida alipiga magoti kwenye mlango akaeleza yote. Binti yao Iradukunda alisimama akatoka nje. Mama alificha mikono ndani ya kanga. Kisha akasema, "Nilimpikia na nikamfulia. Lakini miezi kama mitatu hivi sikumwamini." Akauliza, "Yeye alijua kwamba simwamini?"

Tulimfahamu Juvenali, na tunadhani alijua.

Mama akasema, "Basi mkaseme mbele za watu. Walimcheka mbele za watu."

Tulipokaa kupanga maneno haya, mganga Matiasi aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa. "Dada Frida, mgeni anakuja kukata utepe na kula wali, wewe unamletea kesi."

Frida akasema, "Basi andika yako, mganga, mimi nitasimama niseme hii bila karatasi."

Mama Ildefonsa akaingilia. "Kesi ya nani peke yake? Mimi nilikuwa najazia watu visanduku wewe Frida ukiwa bado unakimbilia namba shuleni. Niandike na mimi. Na huyu mganga naye mwandike, maana desturi ilianza na mkono wake."

Matiasi akavuta karatasi, akaongeza jina lake mwenyewe, wino wake ndio huu ninyi mlio karibu mnauona ni wa rangi nyingine.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba. Tumebakiza moja.

Tunaomba barua ya onyo iondolewe kwenye jalada la Juvenali Niyonzima, na tunaomba ofisi iandike barua nyingine iseme kwamba namba zile mbili za Jumapili hakuziandika yeye, na kwamba siku ile alikuwa anamsindikiza mama aliyekuwa anatokwa na damu. Barua hiyo apewe mama Bernadetha mkononi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa kijiji, ule wa pale karibu na kisima. Tunajua yeye hawezi kurudishiwa nafasi ya masomo. Hatuombi jengo hili liitwe jina lake, ingawa wananchi walilipendekeza wakajibiwa kwamba mtumishi mwenye onyo haiwezekani. Jengo liitwe lolote. Tunaomba jalada lake lisafishwe kwanza.

Katika bahasha hii kuna chati ya Novemba 2023, maelezo ya Frida yenye sahihi yake, na maelezo ya sisi wawili tuliobaki kuhusu desturi yetu ya kufunika. Hatuombi Frida asamehewe, na mwenyewe ametuzuia tusiombe. Hatua itakayochukuliwa juu yake, na juu yetu, tutaipokea. Kitu kimoja tu tukieleze kama wenzake wa kazi: kwa miezi mitano hii hakuna aliyemlazimisha. Ofisi ilishasahau, Juvenali amelala, na chati ile ilikuwa kwenye sanduku la karatasi kuukuu. Aliitafuta mwenyewe siku mbili, mpaka akaipata, ndipo akatueleza.

Niyokwizera yuko hapa, pale nyuma kwenye kivuli cha turubai, na mtoto wake Manirakiza. Amesema yuko tayari kutoa ushahidi ikitakiwa. Ametuomba tumtaje, tumemtaja.

MANENO YA MWISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza mpaka hapa, na tunaona hukutazama saa. Mungu akujalie safari njema ya kurudi, awape afya walioko nyumbani kwako, aibariki kazi ya mikono yako. Azipe nguvu familia za Nyakahinga na za majirani zetu wa Nyantakara na Runazi. Na mtumishi wake Juvenali ampokee, ampe pumziko. Mama Bernadetha, tusamehe.

Ni sisi watumishi wa Zahanati ya Nyakahinga:

Matiasi Ndayisaba, mganga mfawidhi
Ildefonsa Kabula, mkunga
Frida Niragira, muuguzi, aliyesoma

Nafasi ya mhudumu wa afya bado iko wazi. Kesho ni Ijumaa, siku ya kliniki ya watoto. Frida atapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda wilayani, bila kusubiri kuitwa, ahojiwe kuhusu maelezo yake, kwa hiyo mama Ildefonsa atapima na kuchanja peke yake, na akina mama wanaombwa wawe na subira.